Shingo ya Rehema Mbele ya Daktari

Tulikwenda Kilosa kwa ajili ya jicho la kushoto la mdogo wangu Rehema, fundi cherehani hapa Mikumi. Akitazama kulia, jicho hilo hupanda juu. Akinyoosha shingo huona sindano mbili, kwa hiyo hushona kichwa kimelalia bega la kulia. Tulisikia madaktari bingwa wa macho wamefika hospitali ya Kilosa.

Asubuhi, stendi ya Mikumi, nilimwonya: “Mbele ya daktari usikae kama kuku anayesikiliza redio. Nyooka!”

“Nikinyooka, kaka, nakuona wawili. Na mmoja ananitosha.”

Njiani tulimeza vumbi la kutosha kujengea nyumba ya vyumba vitatu, nami sikuacha kumfundisha. Tulipoingia Kilosa alikuwa amenyooka kuliko askari wa gwaride.

Saa tano tuliitwa. Daktari, mama wa makamo, aliitikia shikamoo zetu, akammulika Rehema macho kwa tochi. Akaandika, akasita.

“Kichwa huwa unakilaza upande gani?”

Nikadakia: “Hakilazi, daktari. Nyumbani tumemlea vizuri.”

“Nimemuuliza mwenye jicho.”

Rehema akainama. “Kaka kanikataza.”

Daktari akaweka kalamu chini. “Baba, shingo yake ndiyo inayonionyesha msuli wenye kasoro. Ukiificha, unataka nipasue wapi?”

Akaomba picha za zamani. Simuni nilikuwa nazo kama elfu, na kabla ya kila moja nilimwamuru anyooke. Ilipatikana moja tu, aliyopigwa bila kujua akiwa kwenye cherehani, kichwa begani. Daktari akaitazama sana, kisha akamlaza Rehema kichwa upande wa pili, wa kushoto. Jicho likapanda waziwazi.

“Msuli wa chini ya jicho unavuta kupita kiasi. Tutaulegeza.”

Kesho yake Rehema akaingia chumba cha upasuaji. Saa moja niliyokaa kwenye benchi ilikuwa ndefu kuliko mfungo mzima. Bandeji ilipotolewa, jicho lilikuwa jekundu. Daktari akainua kalamu. “Ngapi?”

Rehema akanyoosha shingo, akaitazama. “Moja.”

Tulionywa kwamba jicho litachukua wiki kadhaa kutulia.

Tukiwa njiani kurudi Mikumi, kichwa cha Rehema kilirudi begani kwa mazoea. Mkono wangu ukainuka kumnyoosha, nikauzuia.

“Linauma?”

“Kidogo,” akasema, akafumba macho.

Miaka yote ile nilikuwa nikimwamuru. Hilo ndilo swali la kwanza nililowahi kumuuliza kuhusu jicho lake.