Perege wa Makaburini

Siku ya maziko ya mzee Wyson Likongwe, kijiji kizima kilikwenda msibani isipokuwa watu wawili: bibi Nasibeko, aliyekuwa kitandani mwaka wa pili sasa, na binti yake Falesi, mzima wa afya, asiye na udhuru wowote wa kuutaja mbele za watu.

Kwetu huku kando ya ziwa Chilwa mtu husamehewa mengi. Ataiba mahindi, atamtukana mama mkwe akiwa amelewa, hata atatoroka na mke wa mtu, na miaka ikipita atapewa kigoda akae. Kutokwenda msibani hakusameheki. Asiyezika wenzake, wenzake hawamziki, wala hawamziki mtu wa nyumbani kwake. Falesi alilijua hilo kuliko wengi, maana mama yake alikuwa amebakiza siku za kuhesabu.

Lakini alilijua na dimbwi.

Ziwa lilikuwa limekauka tangu Septemba. Mitumbwi ilikuwa imelala juu ya tope lililopasuka, na mahali wanaume walipokuwa wakitega nyavu, sasa ng'ombe walipita. Zamani, alisema bibi Nasibeko, ziwa lilikauka mara moja katika umri wa mtu, akabaki na la kuwasimulia wajukuu. Falesi alikuwa ameshaona mara nne, na kila mara mvua ilichelewa zaidi na jua likawa kali zaidi. Samaki walikuwa wameupanda mto kuyafuata maji, na mto ulipokatika, waliosalia wakabaki katika dimbwi moja penye kona, chini ya kijiji. Hao ndio waliokuwa mbegu. Wakifa hao, ziwa litarudi maji matupu. Basi watu wakakubaliana mbele ya nyakwawa, mkuu wa kijiji: hakuna kuvua dimbwini mpaka mvua inyeshe, na atakayemgusa samaki atatoa mbuzi. Mlinzi wakamchagua Falesi, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa mkali na hakuwa na mume wa kumtuliza.

Kufikia Desemba maji ya dimbwi yalikuwa hayafiki goti. Adhuhuri ukitia mguu ulitaka kuutoa. Perege walikuwa wakija juu na kuachama, midomo ikipapasa hewa. Falesi akakadiria: siku tatu, nne zikizidi sana.

Jana yake shemeji yake Symoni, mume wa marehemu dada yake, alikuwa amesimama ukingoni, mikono nyuma.

"Shemeji, hawa unawalinda au unawapika? Maji yameshachemka, bado chumvi tu."

"Chumvi nitaitoa machoni mwako. Ondoka hapo."

"Naondoka. Lakini kesho kutwa, tukishamzika mzee, nakwenda kwa nyakwawa. Dimbwi lifunguliwe, watu wale. Wapwa zako wanashindia maembe mabichi, na wewe umekaa hapa unalea samaki!"

Kilichomuudhi Falesi ni kwamba Symoni hakusema uongo. Wale watoto aliwaona kila siku, miguu yao ilikuwa imebaki magoti. Aliporudi nyumbani akamweleza mama yake, na bibi Nasibeko, ambaye kwa wiki nzima alikuwa hajatoa zaidi ya maneno matatu, akafumbua macho.

"Kwa marehemu wetu maji hayakauki," alisema. "Mwaka nilipokuwa na mimba yako tuliteka pale. Kwa siri."

Marehemu wao walilala katika makaburi ya zamani chini ya mlima, mwendo wa nusu saa. Miti ya pale haikatwi, kwa hiyo ndipo mahali pekee palipobaki na kivuli, na ndani yake kulikuwa na chemchemi iliyojaza shimo la mwamba. Hakuna aliyekwenda huko bila jeneza. Mwanamke anayekutwa makaburini peke yake na ndoo hana jina lingine kwetu ila mchawi, na mchawi hatozwi mbuzi.

Kwa hiyo siku ilikuwa moja tu, ile ambayo macho yote yangekuwa msibani.

Falesi aliingia dimbwini wanawake walipoanza kuimba nyumbani kwa marehemu. Kambare hakuwagusa, hao hujua kujizika topeni na kujitafutia. Aliwatafuta perege, hasa majike waliovimba taya. Perege jike huwabeba wanawe kinywani, na muda wote huo hali kitu. Aliwashika kwa viganja, mmoja mmoja, akiwaomba radhi kama mwendawazimu. Akafunika ndoo kwa matete mabichi, akajitwisha, akakimbia jinsi mtu anavyoweza kukimbia na maji kichwani.

Nyimbo ndizo zilizokuwa saa yake. Zilipokuwa bado za nyumbani, alimaliza safari ya kwanza. Zilipoanza kusogea kuelekea makaburi mapya, upande wa pili wa kijiji, alikuwa njiani na ya pili. Kisha kukawa kimya, maana mchungaji alikuwa akihubiri, na Falesi, ambaye miaka yote aliwalalamikia wachungaji wa maneno mengi, alimwomba Mungu huyu asimalize. Alipomimina ndoo ya tatu, perege wakazama kwenye maji baridi wakatoweka chini ya mwamba. Hakujua kama wamepona au wameshtuka wakafa. Hapo akasikia wimbo wa kurudi nyumbani. Akaificha ndoo penye mizizi, akatoka mbio.

Symoni alimkuta njiani, nguo zimelowa, magamba yamemganda mikononi. Alikuwa hakumwona msibani, akapita dimbwini, akakuta tope limevurugwa na perege wengi hawapo.

"Mlinzi wetu!" alisema, na mara hii hakuwa na utani. "Na njia hii, shemeji, inatoka wapi? Si inatoka makaburini tu?"

Jua halijatua, Falesi alikuwa amekaa chini barazani kwa nyakwawa. Dorofe, mjane wa mzee Wyson, alikuwapo, bado na kitambaa cha msiba kichwani. Walikuwa wamekausha samaki pamoja kwenye kichanja kimoja miaka ishirini, yeye na Falesi.

"Samaki wako wapi?" aliuliza nyakwawa.

Angeweza kusema. Lakini angesema, na kabla ya giza wenye njaa wangefika kwenye shimo na vikapu, na wenye hofu ya uchawi wangelimwagia sumu.

"Nimewala."

"Wote?"

"Nilikuwa na njaa."

"Na makaburini ulifuata nini?"

Falesi alibandua gamba moja mkononi.

"Kuni za kuwachomea."

Kuokota kuni makaburini nako ni kosa, lakini ni kosa la mlafi, si la mchawi. Symoni akapiga makofi. "Kuni za wafu, samaki wa watu! Mdomo ule nilijua una tumbo la kulingana nao!" Wakacheka, na kicheko hicho, nadhani Symoni mwenyewe hakujua, ndicho kilichomwokoa. Wakamtoza mbuzi wawili, na alikuwa nao wawili tu.

Dorofe hakucheka.

"Mume wangu kakupa samaki miaka mingapi, Falesi? Leo umeshindwa kumtupia hata konzi ya udongo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku utakayofiwa, usitume mtu kwangu."

Baada ya hapo hakuna aliyeitikia salamu ya Falesi. Kisimani waligeuza migongo. Siku ya nne dimbwi lilikufa kweli: waliosalia walielea matumbo juu, wakanuka mpaka kanisani, na kambare wakafukuliwa wakaliwa siku moja. Falesi alibaki na usiku na mchana wa kujiuliza jambo moja. Makaburini hakuthubutu kurudi, macho ya watu yalikuwa kwenye miguu yake. Je, kama nao wamekufa? Basi amejiita mwizi na kumvunjia heshima mzee Wyson kwa ajili ya mifupa.

"Niseme, mama?" aliuliza asubuhi moja, huku akimlisha uji.

"Perege akifungua kinywa kabla ya wakati," alisema bibi Nasibeko, "amewalea bure."

Wiki ya tano mvua ikaja, mvua ya kweli, na siku ya pili ya mvua bibi Nasibeko akakata roho. Falesi alimfumba macho, akasimama mlangoni, akapiga yowe la msiba ambalo hapa likisikika hata mgonjwa huinuka. Hakuja mtu. Akapiga tena. Akaona mlango wa jirani ukifungwa. Ikapita saa, ikapita nyingine. Mwishowe akatwaa jembe, akalitazama, akawaza kaburi lina kina gani na yeye ana mikono mingapi.

Ndipo alipomwona Dorofe kwenye mvua, gunia kichwani.

"Nimekuja kwa bibi," alisema Dorofe. "Kwako sikuja." Akampita, akaketi kando ya maiti. Nyuma yake walifuata Symoni na vijana watatu aliowatoa majumbani kwao kwa matusi. "Huyu mama ndiye aliyenipikia nsima nilipokuja kuoa hapa sina hata shati," alisema. "Anazikwa wapi?"

Falesi aliweka jembe chini. "Kwa watu wake. Aliagiza. Chini ya mlima."

Wachimbaji wakaenda, na mwanamke hafuati wachimbaji. Akakaa. Wangewakuta perege hai wakawala, au wangewakuta wafu wakajua yote. Mvua ilipiga nyasi za paa na mchana ukasogea polepole.

Symoni alirudi peke yake. Alichuchumaa mlangoni, akatoa kitu alichokuwa amekifunika kwa koti: ndoo ya buluu.

"Hii naijua," alisema. "Mshikio wake ulikatwa kwenye tyubu ya baiskeli yangu, nikakutukana wiki nzima."

Falesi aliichukua ndoo.

"Nilikwenda kunawa. Wenzangu nimewaambia pana nyoka."

"Wako hai?" Sauti haikutoka vizuri, ikabidi arudie. "Wako hai, shemeji?"

"Vitoto," alisema Symoni. "Nilihesabu, nikaacha. Nikitia mkono vinakimbilia mdomoni mwa mama zao." Akapangusa uso. "Na wewe ulisema umewala. Mbele yangu, huku nacheka."

Falesi akalia. Alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na kama alimlilia mama au perege hata mimi siwezi kukuambia. Dorofe alikuwa amegeuka, ameyasikia yote.

"Siku ile?" aliuliza. "Siku ya mume wangu?"

"Ndiyo siku pekee kijiji kilikuwa kitupu."

Dorofe akainua upindo wa kitenge chake, akampangusa Falesi machozi bila upole, kama mtu anayempangusa mtoto mkaidi.

"Wyson angekubebea ndoo ya pili," alisema.

Symoni alisimama. "Shimo limejaa hadi ukingoni, na mto umeanza kutembea. Ni mawe mawili tu yanazuia. Nikayatoe waende zao?"

Falesi alishika mkeka aliolazwa mama yake, upande wa kichwa, Dorofe akashika upande wa miguu.

"Tuzike kwanza," alisema Falesi.