Siku Niliyokuwa Mdomo wa Mserbia

Aibu hii naisimulia kwa sababu imeshapoa, na kusema kweli siku hizi naikumbuka kwa hamu. Asubuhi hiyo niliondoka Migori bila mpango wowote, nguo mbili mfukoni na kitabu cha sarufi ya Kiserbia nilichokipata kwa muuza vitabu vikuukuu (shule niliiacha darasa la saba, tangu hapo nasoma chochote kisicho na mwalimu wa kunichapa). Waserbia hugeuza mkia wa jina mara saba, kutegemea kama mtu anatenda, anapewa au anaitwa, nami neno lao la mke, žena, nilikuwa nimelikariri kwa mikia yake yote.

Homa Bay nikaingia kibandani kunywa chai. Mama mmoja akakiona kitabu.

"Nyathina, mwanangu, hiyo lugha unaijua?"

Ningesema najifunza. Nikasema naijua.

Kumbe alikuwa shangazi wa msichana aitwaye Akinyi, na siku hiyo hiyo baba wa mchumba wake alikuwa amekuja kutoka Serbia kuzungumzia ndoa. Mchumba, aliyetegemewa kutafsiri, gari lilikuwa limemharibikia njiani. Akinyi alikijua Kiserbia, lakini mila ilimtaka akae ndani mpaka aitwe. Na wazee walishaanza kunong'ona: mbona mgeni amekuja bila mkewe, au anatudharau?

Shangazi akanikokota hadi bomani kwao, nikakalishwa upande wa wageni, karibu na mzee mwenye mvi aliyevaa koti kwenye joto lile. Akasimama, akaongea polepole, macho chini. Nikasikia žena, mara na mkia huu, mara na mkia ule, nikafurahi kama mtu aliyekutana na jamaa zake sokoni, na mengine yote yakanipita kama upepo. Watu wakanigeukia.

"Anasema mkewe yuko nyumbani, anawasalimu sana."

Vigelegele. Mjomba wa Akinyi akasema, "Omera, ndugu yangu, huyu anatafsiri kama redio." Nikavimba kichwa. Shangazi akaleta leso mpya, akamwekea mzee mikononi.

"Mwambie ni ya mkwe mwenzangu, siku akija aifunge tucheze."

"Žena," nikamwambia mzee, nikiionyesha leso (kitenzi sikuwa nacho hata kimoja). Akaitazama, machozi yakaanza kumtoka kimya kimya.

"Amefurahi," nikasema.

Mlango ukafunguliwa, Akinyi akatoka bila kuitwa, bibi zake wakashika vinywa. Akachuchumaa mbele ya mzee, wakasemezana kidogo, kisha akatugeukia.

"Mkewe walimzika mwezi uliopita. Amesema ndiyo maana amekuja peke yake, na anaomba msione ni dharau."

Hakuna aliyenifukuza, na hilo ndilo lililoniumiza. Shangazi aliichukua ile leso, akamfunika mzee mabegani, akaketi naye. Mazungumzo yakaendelea, Akinyi akitafsiri posa yake mwenyewe, jambo ambalo boma lile halikuwahi kuliona. Mjomba akaniinamia.

"Ulijua maneno mangapi?"

"Moja."

"Na ukalimaliza lote."

Niliondoka kabla ya chakula, nikaapa kwamba nisichokijua sitakisema tena mbele za watu. Jua likielekea kuzama nilikuwa Lambwe, kwenye boma la mama mmoja aliyekuwa akifunga ng'ombe, nikamwomba mahali pa kulala.

"Unajua kukamua?"

Ulimi ukaanza kuitikia, nikaung'ata.

"Sijui, mama."

"Basi kesho utashika ndama uangalie," akasema, akanionyesha kitanda kilichokuwa ghalani.