Upande Usiosuguliwa

Kila Jumatatu Nazira, mpishi wa kambi ya gesi Afungi, huacha vyungu vyake akamtazame mfagizi anayesafisha tangi la samaki katika ukumbi wa kulia. Mfagizi hukunja mikono ya shati mpaka begani, akasugua vioo kwa kumbi la nazi. Sponji aliyopewa hata haigusi. Na kila mkono wake ukizama, hubana pumzi kana kwamba kazama mwenyewe. Utando wa kijani hutoka wote, isipokuwa upande wa ukutani. Leo Nazira kashindwa kuvumilia.

"Mjomba, huko mbona unakuacha?"

"Hawa tasi hula huo ukijani." Akakung'uta mkono. "Nikiukwangua wote, watabaki na nyumba safi, chakula hamna. Ya namna hiyo nilijengewa mimi, walipotuhamisha kutoka pwani kupisha gesi hii."