Njia ya Mtaroni

Vijidudu vya mguu wa baba mkwe wangu nilivijua kabla sijaijua sura yake. Nikisema hivyo watu hucheka, nami huwaacha wacheke. Nilikuwa mfanyakazi wa maabara katika hospitali moja karibu na Tukuyu, mtu wa Dodoma niliyeletwa huko na kazi na kubakizwa na mwalimu mmoja mrefu wa pale pale. Alinioa, akanipeleka kuishi kwao, ng'ambo ya migomba kutoka nyumba ya wazazi wake. Kwa hiyo baba mkwe alikuwa jirani yangu wa karibu kuliko wote, na sikuwa nimewahi kumtazama.

Desturi ya Wanyakyusa ndiyo iliyotaka hivyo. Mke wa mtoto hamwangalii baba wa mumewe, haketi naye nyumba moja, hataji jina lake, na wakikutana njiani mwanamke huingia majanini, akageuka mgongo, akainama mpaka mzee apite. Wengi walikuwa wamekwisha kuilegeza, hasa wa mjini. Mzee wetu mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, aliyeimba besi kila Jumapili, lakini hili hakulilegeza. Mama mkwe alinifundisha mapema, akanionyesha hata namna ya kuinama. Kwetu nasi tunaheshimu wakwe, lakini kwa kuwapikia na kuwasalimia vizuri, si kwa kujificha kama mwizi wa kuku. Nilinung'unika sana. Mume wangu akaniambia heshima si utumwa. Nikamjibu kwamba anayesema hivyo hajasimama kwenye migomba ya Rungwe asubuhi ya mvua akiwa amevaa koti jeupe.

Mvua ya kule mtu wa Dodoma haizoei upesi. Kwetu mvua ni mgeni, ikija tunatoka nje kuitazama. Kule Tukuyu ni mwenye nyumba. Jani la mgomba likikuegemea begani linakumwagia maji ya usiku kucha, na mimi nilifika kazini nimelowa hadi kiunoni, wenzangu wakiniuliza kama nimepitia mtoni.

Hilo liliendelea kwa miezi ya mwanzo. Mzee alikuwa akirudi kutoka kukata majani ya ng'ombe saa ile ile niliyokuwa nakwenda kazini, na sote tulipita barabara ile ile. Kisha ghafla nikaacha kukutana naye. Nikadhani amebadili saa zake. Nilifurahi kwa ajili ya koti langu, wala sikuuliza.

Miaka ile ndiyo ilikuwa ya ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa, mitumba ikaja kwa marobota, na karibu na stendi wakafungua maduka ya dawa watu ambao mwaka uliotangulia walikuwa wanauza sabuni na betri. Nasema kwa haki: tulifurahi wote. Kabla ya hapo mtu angeweza kuzunguka na cheti cha daktari mpaka kikachakaa mfukoni bila kupata dawa. Sasa kidonge ulikipata kama pipi, ukitaka kimoja, ukitaka viwili. Zilizopendwa kuliko zote ni zile kapsuli za rangi mbili. Rangi mbili ilitibu tumbo, kikohozi, jino, na ilipofunguliwa unga wake ukanyunyizwa kwenye kidonda, watu waliamini imefanya kazi zaidi, maana imefika penyewe.

Baba mkwe alijikata kwa panga juu ya kisigino akisafisha migomba. Hakumwambia mtu. Alinunua rangi mbili chache, akameza siku ya kwanza na ya pili, maumivu yakapungua. Zilizobaki alimpa ndama aliyekuwa anaharisha. Ndama akapona. Kidonda kilifunga kidogo, kikafunguka, akanunua nyingine, akameza, akaacha. Mwishowe mama mkwe alisikia harufu ndani ya nyumba, akafunua blanketi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mzee wetu aliumbuliwa na pua ya mkewe. Mume wangu alimleta hospitalini akiwa amemkalisha nyuma ya baiskeli.

Daktari wetu alikuwa kijana mkweli, na ukweli wake haukuwa na sukari. Alimwambia mume wangu kwamba wamejaribu dawa za kawaida na mguu unazidi kuvimba. Kidonda kisipobadilika, watamhamishia Mbeya wakaukate chini ya goti. Mume wangu alikuja maabara kuniambia, akakaa kwenye kiti changu bila kuomba, akashika hadubini kama mtu anayeshika bega la mwenzake. Baba yake alikuwa mtu wa milima. Ng'ombe wake, migomba yake, kanisa lake, vyote vilikuwa kwenye miteremko ambayo hata mbuzi huishuka kwa kufikiri. Mzee wa namna ile bila mguu angekaa barazani akingoja kufa, na sote tulilijua hilo.

Mimi nilikuwa na hasira, tena hasira za kuchekesha. Mgonjwa yuko wodini, hatua chache tu kutoka mezani kwangu, damu yake naipima, na mwenyewe siruhusiwi kumwona. Siku moja nilisahau, nikaingia wodi ya wanaume kufuata chupa zangu. Nikaona blanketi moja likipanda juu haraka na kufunika kichwa, na mguu wenye bandeji ukabaki nje upande wa pili. Nikageuka, nikatoka kinyumenyume hadi nikagonga ndoo ya mhudumu. Wagonjwa walicheka hata wale wenye mishono.

Maabara yetu ilikuwa ya malaria, minyoo na makohozi ya kifua kikuu. Kuotesha vijidudu na kuvijaribu kwa dawa hatukuweza. Mwenzangu wa wodini alichukua usaha wa kidonda kwa pamba, akauweka kwenye kichupa, akanipa dirishani. Nikaomba ruhusa kwa daktari, nikaupeleka Mbeya mwenyewe, kichupa nimekifunga kwa kitambaa na kukipakata mapajani ndani ya basi njia nzima. Pale Isongole, tuliposimama kupakia magunia ya viazi, mama mmoja aliyekaa kando yangu aliniuliza kama ni asali. Nikamwambia ni ya mkwe. Akasema wakwe wanastahili.

Aliyepokea kichupa kile ni fundi mkubwa wa maabara aliyenifundisha kazi nilipokuwa mwanafunzi, mzee wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniambia nirudi vijidudu vikishaota. Niliporudi alinitolea kisahani cha kioo. Vijidudu vilikuwa vimeotea juu yake kama utando wa maziwa yaliyoachwa, na juu ya utando huo alikuwa amepanga vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa inayofaa huacha duara safi kuzunguka karatasi yake, kwa sababu vijidudu vya karibu vimekufa. Isiyofaa, utando unaifuata mpaka ukingoni. Nilitazama karatasi ya rangi mbili. Utando ulikuwa umeifikia kabisa. Nikatazama ya pili, ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Nilitaka kukirudisha mezani, lakini mzee akakishika kisahani kwa upande wake.

Kisha akakizungusha kuelekea dirishani. Upande wa pili kulikuwa na karatasi moja yenye duara pana, safi, ungeweza kuona kidole chako ng'ambo ya kioo. Ilikuwa dawa ya sindano, ghali kwa wakati ule, na hospitali yetu ilikuwa nayo kidogo katika kabati la daktari. Sikumbuki kama nilishukuru. Nakumbuka nilitoka nje, nikaketi kwenye ngazi, nikalia mbele ya watu wanaongoja majibu yao, na wao wakanihurumia wakidhani nimefiwa.

Niliporudi ndani kuchukua majibu, mzee yule aliniuliza jambo moja. "Huyu mgonjwa wako anakanyaga wapi?" Nikasema ni mkulima, anakanyaga shambani. Akatikisa kichwa. "Hawa si vijidudu vya shambani, binti. Hawa wamesoma hospitali." Akaniuliza maji machafu ya hospitali yetu yanakwenda wapi.

Njiani nilifikiri. Nyuma ya hospitali kulikuwa na mabwawa ya majitaka, moja likimwagia jingine, yakipokea maji ya wodi zote na ya nyumba za watumishi. Kingo za bwawa la mwisho zilikuwa zimepasuka, na maji yalitoroka kwenye mtaro ulioteremka hadi chini ya migomba yetu. Kila mtu aliyemeza vidonge viwili akaacha, vijidudu vilivyobaki tumboni mwake ndivyo vile vilivyoshinda, na vyote vilikutana mle bwawani vikazaliana. Magimbi yaliyoota kando ya mtaro ule yalikuwa makubwa kuliko ya mtu yeyote Rungwe nzima, na tuliyasifia.

Baba mkwe alianza sindano siku ile ile niliporudi. Nami jioni nikamwendea mama mkwe, aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni, nikamuuliza kama mzee alikuwa anapita mtaroni.

"Alikuwa anapita," akasema. "Kila siku."

"Na kidonda wazi?"

"Kidonda wazi. Daraja la gogo lilioza, anavua viatu, anavuka kwa miguu."

"Kwa nini, mama, na barabara ipo?"

Akaendelea kumenya. Alikuwa mama asiye na haraka, na Kiswahili chake kilikuwa na Kinyakyusa ndani yake. "Balabala ni yako," akasema. "Mzee alikuona asubuhi moja umeinama kwenye migomba, mvua inakupiga, nguo nyeupe yote matope. Akaja hapa akasema, yule mtoto anakwenda kutibu watu, si vizuli nimlowanishe. Tangu siku hiyo anakuachia njia."

Nilichukua kisu cha pili nikamsaidia kumenya, na ndizi zangu zilikuwa mbaya, nimekata maganda pamoja na nusu ya nyama. Nilikuwa nimemwona mzee yule kama ukuta wa desturi. Kumbe alikuwa anavuka uchafu wa hospitali yangu kila siku ili koti langu libaki jeupe.

Sindano zilifanya kazi. Uvimbe ulishuka, harufu ikaisha, na nyama nyekundu ikaanza kuota kutoka pembeni. Daktari alipopita wodini aliacha kutaja Mbeya. Mume wangu alirudi kufundisha na akaanza tena kupiga mluzi asubuhi, kitu ambacho sikuwa nimegundua kwamba kilikuwa kimekoma. Nilipeleka na maji ya mtaro kwa yule fundi, nayo yakaota vijidudu vyenye ukaidi ule ule. Hospitali ikatengeneza kingo za bwawa na kuzungushia uzio. Magimbi yaling'olewa, na kuna waliolalamika.

Lakini mimi sikulala vizuri. Maji yalikuwa bado yanavuja kidogo chini ya kingo mpya, kidonda kilikuwa hakijafunga, na mzee alikuwa anakaribia kuruhusiwa. Nilimjua sasa. Angerudi kwake na kesho yake angevua viatu pale mtaroni kwa ajili yangu, na safari hii pengine kusingekuwa na duara lolote safi kwenye kisahani.

Nikamwambia mama mkwe amwagize mzee apite barabarani, mimi nitaingia migombani kama desturi inavyotaka, koti linafulika. Akasema mkwe hamwagizi baba mkwe. Hasira zikanipanda, zile zangu za Dodoma.

"Basi, mama, mwambie neno moja tu. Mwambie usaha wake niliupakata mapajani mpaka Mbeya. Kama kulikuwa na aibu kati yetu, iliishia kwenye basi."

Mama mkwe aliziba mdomo kwa khanga. Nilidhani nimemuudhi, kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Ndaga, nkamwana," akasema, yaani asante, mkwe wangu. Hakuahidi kitu.

Mzee aliruhusiwa siku ya soko. Asubuhi iliyofuata nilitoka kwenda kazini, mvua nyepesi inanyunya, nikasikia fimbo ikigonga mawe ya barabara mbele yangu. Nilishukuru kwanza kwamba fimbo ile iko barabarani. Kisha nikaingia migombani upesi, nikageuka mgongo, nikainama kama nilivyofundishwa, na jani likanimwagia maji shingoni. Nilingoja hatua zipite.

Hazikupita. Zilisimama nyuma yangu. Nikasikia besi ile niliyoizoea kanisani, ila safari hii ilikuwa ya chini, ya mtu asiye na hakika.

"Ugonile, mwanangu," akasema. Ni salamu ya kwao. Sikujua kama naruhusiwa kujibu. Akakohoa. "Toka huko. Utalowa bule."

Nilitoka nikiwa nimeinamisha macho, kwa sababu mazoea hayaishi kwa neno moja. Kwa hiyo uso wake sikuuona kwanza. Niliona gambuti mpya alizonunuliwa na mwanawe, zimesimama kwenye kokoto nyeusi za barabara, zinang'aa kwa mvua. Zilikuwa mbili, na zote zilikuwa na mguu ndani.