Mama Faili Aiunganisha Masjala na Wodi

Saa mbili asubuhi, katika masjala ya hospitali, Mama Faili anavua viatu, anavisukuma chini ya meza na kuanza kuchapa. Ghorofani, muuguzi mkuu anasubiri, simu ya kazi mkononi.

Leo Mama Faili anaiunganisha upya programu ya wauguzi na hifadhidata ya wagonjwa. Katikati ameweka adapta, kijiprogramu kinachopokea swali la muuguzi, kinaligeuza kuwa lugha ya hifadhidata, kisha kinarudi na jibu.

"Ni mkalimani," anasema. "Ukimpeleka nyumba siyo, atakutafsiria vizuri tu maneno ya watu wengine."

Hilo analijua kwa uchungu. Mwezi uliopita aliiachia adapta anwani ya hifadhidata ya majaribio, nakala ya mwaka jana aliyokuwa akijifunzia. Kila kitu kikafunguka, wauguzi wakapiga makofi. Mchana mmoja wao akapita kumshukuru: mzee wa kitanda cha saba anakwenda kuchomwa penisilini, programu imesema hana mzio.

Mama Faili akakumbuka. Faili la mzee huyo alilibeba mwenyewe miezi mitatu nyuma, na lilikuwa na onyo la mzio kwa wino mwekundu. Alipanda ngazi mbio, akakuta dawa imeshavutwa kwenye sindano, akaizuia kabla haijachomwa.

"Kosa ni langu, simsingizii mtu," anasema.

Kwa miaka ishirini na mbili amebeba mafaili, kilomita tisa kwa siku kwa hesabu yake, na magoti yamegoma. Kompyuta alifundishwa na bintiye, anayemtania kwamba anabonyeza vitufe kama anayegonga mihuri.

Sasa anaisoma anwani kwa sauti, mara tatu, kidole kikiifuata herufi kwa herufi. Anabonyeza.

Simu inaita. Muuguzi mkuu ameiuliza programu kuhusu mama aliyelazwa alfajiri. Jedwali la wagonjwa, la dawa na la mizio yamekutana kwenye namba moja ya mgonjwa huyo.

"Imenikataza kumpa dawa ya salfa, ana mzio nayo," anasema muuguzi. "Nimeirudisha kabatini, dada."

Mama Faili anaweka simu chini, macho yamelowa. "Watu elfu arobaini na moja wamo humu. Kabla hujapepesa, ameletwa huyu mmoja. Mimi mpaka leo nashangaa."

Amebakiza miaka miwili astaafu, na kabla ya hapo anataka kuiunganisha maabara na wodi ya watoto.

"Sitaki shukrani," anasema. "Mgonjwa apate dawa yake, arudi kwao, asijue kabisa kwamba kulikuwa na hatari."