Posa na Lifti ya Angani

Profesa, kama mtaa ulivyomwita mwalimu huyu kijana wa fizikia kwa kumcheka, alikwenda kuposa akiwa na mjomba wake. Baba wa binti akamuuliza ana mipango gani. Mwenye akili timamu angetaja nyumba. Yeye akaomba kiazi na uzi.

“Mpango wangu ni huu, baba: lifti ya kupanda kamba hadi angani,” alisema, akikizungusha kiazi kwa uzi juu ya kichwa. “Uzito wa huko juu, kama kiazi hiki, ndio unaovuta kamba isilegee. Haianguki ng’o!”

Uzi ukamponyoka, kiazi kikavunja kioo cha kabati.

“Na huku chini kamba inashikwa na nani?” mzee akauliza.

“Na dunia, baba.”

“Basi dunia ikajifunze kushika kwanza, ndipo ije tuzungumze habari za binti yangu.”

Profesa aligeuka ili mjomba amtetee. Mjomba alishafika mlangoni, anavaa viatu.