Maelezo ya Mzee Tuliyoyafuta

Mpaka leo nikisikia mtu anaiita kazi ya mwenzake uchafu, damu inanichemka.

Kiwanda chetu cha minofu ya sangara pale Mwanza kilikuwa kimeuzwa kwa mwekezaji. Watu walikuwa wanapunguzwa, na kwa wazee wa zamani kosa moja lilitosha. Programu iliyowasha na kuzima mtambo wa chumba cha baridi ilikuwa imeandikwa na mzee wa karakana, mtu wa Buswelu, amri moja moja, karibu kabisa na lugha ya mashine yenyewe. Pembeni ya amri aliweka maelezo kwa Kiswahili. Mahali pamoja aliandika: "Kipimo hiki, joto likipanda namba inashuka. Usishangae."

Mwekezaji akaleta mtaalamu kutoka Dar na kompyuta mpya. Asembla yake, yaani programu inayogeuza amri ziwe namba za mashine, ilitaka uandishi mwingine: sehemu ya kwanza ya kila amri ije mwisho, na maelezo yaanze kwa alama tofauti. Kwa sababu ya alama hiyo tu, ilikisoma Kiswahili cha mzee kama amri, ikatoa makosa kurasa kwa kurasa. Mtaalamu akacheka, akanigeukia mimi niliyepewa kazi ya kuihamishia programu kwenye kompyuta yake.

"Dada, futa hizo hadithi zote."

Hadithi! Kubadilisha alama ilikuwa kazi ya muda wa kunywa chai. Nilimwambia hivyo. Akasema nisimpotezee wakati. Nikafuta, kisha kwa siku tatu nikageuza amri mstari kwa mstari, nikazijaribu, zikafanya kazi sawasawa.

Naye akapitia kazi yangu, akaona mtambo unawaka namba ikiwa ndogo. Akadhani namba ndiyo joto lenyewe. Akaugeuza mstari ule bila kuuliza mtu, na mzee yuko chumba cha pili tu! Kesho yake chumba kilipopata joto, mtambo ukazima. Kufika saa nane mchana minofu ilikuwa inanuka mpaka getini.

Tukaitwa ofisini sote watatu. Mtaalamu akamweleza meneja mgeni, kwa Kiingereza cha mbio, kwamba programu ni ya mzee na kosa ni la mzee. Hakuona hata haya. Mzee alikisoma Kiingereza cha vitabu vizuri, ila cha mdomoni kilimpita. Meneja akavuta karatasi, akaniambia barua ya kumwachisha kazi itakuwa tayari jioni.

"Anasemaje, mwanangu?" mzee akaniuliza.

Nilikuwa na hasira ya kupindua meza. Nilikuwa pia na mkataba wangu mpya wa kazi ambao meneja huyo huyo hajausaini.

"Anasema watachunguza, baba."

"Haya. Mwambie asante."

Nikamtafsiria meneja ile asante, neno kwa neno, bila kukosea.